Wimbo Niliomnyang'anya Yaya Yangu

Watu wakisikia kwamba niliwahi kutunga nyimbo zilizoingia kwenye santuri, wanataka niwasimulie raha. Gitaa, suruali za kupigwa pasi, wasichana wa Usumbura. Aka! Waulizeni wengine. Mimi nina wimbo mmoja tu wa kuuzungumzia, na haukuwa wangu.

Miaka ile ya hamsini nilifanya kazi kwenye ghala la pamba katika mji wa Baraka, kando ya ziwa. Wakulima waliteremka na vikapu vyao, mimi na wenzangu tukashindilia pamba kwenye magunia kwa miguu, vumbi likitujaa puani mpaka tunarudi nyumbani tukipiga chafya. Jumapili nilipiga gitaa. Sauti za nyimbo zangu sikuzitoa kichwani mwangu, na sioni haya kusema hivyo. Niliziokota. Wapiga kasia wa Ubwari walikuwa na zao, wanawake wanaotwanga muhogo walikuwa na zao, na wachungaji wa Bibokoboko waliposhuka na maziwa yao walipiga miluzi ambayo ningeifuata hata nusu ya njia ya Fizi. Nilichukua kipande hapa, kipande pale, nikashona. Hakuna aliyekasirika. Walinitania tu: "Muangalie mwizi wetu, leo ameiba ya nani?"

Lakini kwetu kuna wimbo usiookotwa. Mama akifiwa na mtoto, anamlilia kwa wimbo anaoutunga papo hapo, kwa Kibembe, lugha yetu, na tangu siku hiyo wimbo ule ni wake mpaka naye afe. Wengine wanaitikia tu. Kifo kingine kikiingia katika ukoo, yeye ndiye anayeanza, kwa wimbo uleule, ili mtoto wake aliyetangulia asikie sauti anayoijua na aje kumpokea anayekuja. Mwalimu wa misheni alitugombeza sana juu ya jambo hilo. Tulimwitikia ndiyo, ndiyo, kisha tukazika watu wetu vilevile.

Yaya yangu, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, alifiwa na mtoto wake wa kwanza kwa homa ya siku tatu. Mtoto alikuwa hajajua kutembea. Niliketi karibu naye alipoimba. Alimweleza yule mtoto njia, jiwe la kupumzikia, kijito cha kuvuka, akimwita kwa jina kila hatua, na mwishoni akaacha sauti ishuke polepole, kama mtu anayetua mtungi mzito. Nililia sana siku ile. Na nikiwa nalia, Mungu anisamehe, vidole vyangu vilikuwa vinatafuta nyuzi juu ya goti.

Baadaye ikasikika kwamba mzungu mmoja mwenye duka Usumbura, mji wa ng'ambo ya ziwa, amepata mashine ya kunasa sauti, na anatafuta wapiga gitaa. Nikaomba ruhusa ya kusafiri kwenye bureau ya serikali kule Fizi, nikapanda meli. Nusu ya Baraka ilinisindikiza mpaka ufukweni. Mzungu akaniketisha katika chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani, nikamwimbia nyimbo zangu zote. Kila mmoja akautikisia kichwa. "Hii nasikia kila siku," akasema. Nikawaza jinsi nitakavyoshuka kwenye meli mikono mitupu mbele ya watu wale wote, nikaona aibu ikinipanda mpaka masikioni. Nikaupiga wa yaya.

Akainua kichwa. "Hii! Lakini kufa hapana. Batu banataka kucheza. Weka mapenzi. Na dakika tatu tu, basi."

Dakika tatu ndizo zilizoenea upande mmoja wa santuri. Nikakata. Nikatoa Kibembe nikatia Kiswahili. Nikatoa jina la mtoto nikatia "cheri", neno la Kifaransa la kumwita mpenzi. Ile njia ya mtoto nikaifanya njia ya kwenda kwa mpenzi, na ule mwisho unaoshuka nikaunyoosha, ili gitaa lirudi mwanzo bila kusitasita. Nikajiambia kwamba nikishabadilisha jina, wimbo si wake tena. Ujinga gani huo! Nilizoea kushona mpaka nikadhani kila kitambaa ni kiraka.

Santuri ilipendwa kuliko nilivyotazamia. Mzungu akanifanya mtu wake kwa upande wetu wa ziwa: mimi ndiye niliyechagua waimbaji, kuanzia Fizi mpaka Swima, na mimi ndiye niliyewafundisha kukata. "Fupisha, mama. Toa hiyo. Rudi kwenye kiitikio." Nilivaa kofia. Nilitembea katikati ya barabara.

Siku moja ya soko, mwenye duka pale Baraka aliweka gramafoni barazani, watu wakajaa. Nami nilikuwepo, nimesimama mahali pa kuonekana. Yaya akaja kutoka Swima, alikoolewa, na kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwa letu, kichwani. Santuri yangu ikaanza. Nikamwona anasimama. Akatua kikapu. Kisha akaanza kuimba, kwa Kibembe, kwa sauti kubwa, taratibu, akimwita mtoto wake kwa jina, huku santuri ikimpita mbio.

Watu wakaangua kicheko. "Mama, haiko vile! Unaiharibu!" Kijana mmoja akamshika bega, akamfundisha kwa upole kabisa: "Sikia, mama. Banasema cheri. Che-ri."

Yaya akanitazama. "Ndugu yangu, baambie. Baambie hii ni ya nani."

Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema. Neno moja lingetosha, na bado lingenibakizia kofia yangu na kila kitu. Nikatabasamu, nikasema, "Yaya, hii ni wimbo ya mapenzi tu. Unachanganya."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alijitwisha kikapu chake, ndagala wote wakiwa ndani, akashika njia ya Swima. Tangu siku hiyo hakunisemesha. Nilimtumia kitenge, akakipokea, akamvika mama mkwe wake. Na wimbo ukamfuata hukohuko. Watoto waliuimba wakichota maji, mume wake aliupiga mluzi akishona nyavu. Yaya angefanya nini? Angenyamazisha ufukwe mzima?

Halafu mama yetu akaugua. Alipoona hatainuka tena, alimwita yaya mbele yangu, akamwambia, "Umuite mujukuu wangu aje kunipokea. Hapana kuniacha peke yangu mu njia." Yaya akamwahidi. Mama akafa kiangazi kile, asubuhi.

Mchana bamama waliketi uani kumzunguka yaya, maiti ikiwa ndani, mlango wazi. Wote walimngoja yeye. Akafumba macho, akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili. Kilitoka cheri. Kilitoka mbio, kwa mwendo wa gitaa langu. Na bamama, waliozoea kuitikia, wakaitikia kwa kiitikio cha santuri, neno kwa neno. Kule nyuma mtu akapiga makofi mawili ya rumba kabla hajajikumbuka.

Yaya akanyamaza. Akaanza tena. Cheri. Akaanza mara ya tatu, akauma kiganja chake.

"Haiko," akasema. "Naitafuta, haiko."

Ndipo aliponigeukia. "We ulikuwa pale siku ile. We uko na masikio. Unianzishie. Neno moja tu, nitaendelea mwenyewe."

Nikapiga magoti mbele yake. Mimi, niliyeweza kusikia wimbo wa wapiga kasia mara moja nikaushika mwaka mzima! Nilitafuta chini ya gitaa, chini ya cheri, chini ya zile nyimbo zote nilizozikata. Maana yake nilikuwa nayo. Nilijua kuna jiwe, nilijua kuna kijito. Lakini neno la kwanza, na jinsi sauti ilivyoliingia, na jinsi ilivyoshuka mwishoni, sikuwa navyo. Nilikuwa na dakika tatu zangu tu.

"Yaya, nisamehe," nikasema. "Hata mi sina."

Mama alikuwa amemwomba yeye, na hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa na ruhusa ya kuanza. Tukambeba mama kimya, jua likiwa utosini, na njia nzima ya kwenda makaburini nilisikia miguu ya watu tu. Yaya alitangulia mbele ya jeneza, midomo ikimchezacheza, akijaribu neno moja baada ya jingine.