Ghala la Mananasi Lililobaki Visiga

Kwangu Visiga tovuti ilifanya kazi. Kwa mwenzangu Kisarawe iligoma. Tulikuwa tunawajengea kinamama wauza mananasi mahali pa kupokea oda mtandaoni, na kila jioni tulipigiana simu kama watu waliotalikiana.

"Kwangu inawaka," nasema.

"Basi wateja wote walete sebuleni kwako, mzee baba."

Mwenyekiti wa kinamama akatuma salamu: Jumamosi anakuja kwa mwenzangu kuiona kwa macho yake. Isipowaka, wao wanarudi kuuza kwa simu, sisi tukatafute wajinga wengine.

Ndipo tukaamua kutumia kontena: unaifungia programu pamoja na kila inachokitegemea, ili ikifunguliwa kwenye kompyuta yoyote iamke vile vile. Mzigo ukawa mnene. Kuupitisha mtandaoni ni kulimaliza bando, kwa hiyo nikabishana nao kama ninavyobishana na muuza mitumba: hiki cha nini, hiki kitoke, hiki haya, kikae. Ukapungua kidogo, kwa shingo upande. Nikautia kwenye flashi, nikahesabu vilivyomo, nikarudia, nikapanda bodaboda hadi Kisarawe. Teknolojia ya kisasa, mfukoni mwa shati.

Ikawaka kwa amri moja. Mwenzangu akaruka. "Hata kwangu inafanya kazi!"

Mwenyekiti akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyesheni mananasi yangu."

Ukurasa ukafunguka safi, mweupe, bila hata nanasi moja.

Hifadhidata, lile ghala la bidhaa zenyewe, hukaa nje ya kontena. Nilihesabu mara mbili vilivyomo. Vya nje sikuvihesabu hata mara moja.

"Mmenijengea duka, mkauza vyote kabla sijafika?"

"Yako Visiga, mama."

"Mananasi ya Kisarawe yanafanya nini Visiga?"

Mwenzangu akawa anatazama dari. Ikabidi niseme kwamba yale yalikuwa ya kubuni, ya majaribio, na bei niliyapangia mwenyewe. Akataka kuijua. Nikaitaja.

"Kwa bei hiyo, yaacheni huko huko."

Akavuta kiti, akaanza kuingiza mananasi yake kwa kidole kimoja, kwa bei yake. Nikajaribu kumshusha bei, kwa mazoea tu. Hakunitazama.

Alipomaliza akatuamuru tuzime, tuwashe. Mananasi yalikuwa bado yapo.

"Kazi endeleeni nayo," akasema akijifunga kanga. "Ila ghala libaki hapa. Huyu wa Visiga anasahau mizigo."