Saruji Kwenye Mashua ya Baba

Mume wangu ni fundi wa vigae huko Goba, na anaamini hakuna ufa duniani usiozibwa kwa saruji. Marehemu baba aliniachia mashua kuukuu ya mbao pale Kunduchi, na samaki ninaokaanga ili wanangu wale hutoka humo. Ilipoanza kuvuja, bwana huyu akaivuta nchi kavu, akaianika juani wiki mbili eti ikauke vizuri, kisha akakoroga saruji.

Mie na mtoto mgongoni nikamwambia, "Baba watoto, mbao zikikauka zinasinyaa. Hizo nyufa umezipanua mwenyewe. Sie tunatia kalafati, pamba iliyolowa mafuta, maana pamba inabonyea mbao zikivimba."

"Hiyo pamba kaweke masikioni," akajibu. Mafundi wenzake waliokuja kumsaidia wakacheka hadi wakakaa chini.

Wakaishusha majini, naye akapanda kuijaribu. Mbao zikavimba, saruji ikapasuka, ubao mmoja ukang'oka. Fundi mzima akarudi ufukweni kwa miguu, maji kifuani, simu mfukoni.

Siku tatu nilikwangua ujinga wake kwa bisibisi, nikapigilia ubao, nikashindilia pamba kama nilivyomwona baba akifanya. Tulipoirudisha majini ikavuja kidogo, akaruka juu: "Inavuja! Tuitoe ikauke!"

"Iache inywe maji. Ukiianika tena utahamia humo, wewe na mfuko wako wa saruji."

Kesho yake mbao zilikuwa zimevimba na kubana, haliingii hata tone. Yeye anawaambia watu ni ile saruji iliyobaki kwenye nyufa.