Nyumba Isiyokuwepo Gatwekera

Karatasi ile niliipata kwa mama wa mandazi pale Kabiro, Kawangware, akiwa amenifungia mandazi ndani yake. Ilikuwa imechanwa kutoka kitabu cha fizikia cha chuo kikuu, na mafuta yalikuwa yameifanya ipitishe mwanga. Shule niliiacha mapema, lakini karatasi yenye maandishi sijawahi kuitupa kabla ya kuisoma. Hii ilieleza fuwele, yaani vitu kama chumvi na chuma, ambavyo atomi zake zimejipanga kwa mpango mmoja unaojirudia kila upande.

Neno la kwanza la Kiingereza lililonishinda nililiita wavu, maana mchoro wake ulifanana na nyavu za kwetu ziwani. Nilidhani wavu ndio atomi zenyewe. Karatasi ilikataa. Wavu, ilisema, ni nukta tu, mpango wa mahali. Fuwele hupatikana unapoweka kitu kilekile juu ya kila nukta. Halafu ikaongeza sharti ambalo nililirudia njiani siku nyingi bila kulielewa: ukisimama kwenye nukta yoyote na kutazama huku na huku, utaona yaleyale ambayo ungeyaona kwenye nukta nyingine yoyote.

Nililielewa asubuhi moja ya Julai, Gatwekera, na sikufurahi.

Dada yangu alikuwa na mimba ya kwanza. Yeye na shemeji walikuwa wamehama Kawangware wakapanga chumba Gatwekera, mtaa mwingine wa mabanda, na mimi, niliyekuwa nikilala popote kibarua kiliponiacha, nilikuwa nimefika kwao juzi yake tu. Uchungu ulimshika dada wakati shemeji ameshaenda kazini. Kumbeba hadi hospitali hakukuwezekana, hata kukaa hakuweza. Jirani yake alimpapasa tumbo, akatoka nje akaninong'oneza: "Mtoto amekaa vibaya. Kuja na yule mkunga wenu wa Kawangware. Na usitembee, kimbia."

Nilikimbia. Mkunga, mama wa makamo kutoka mkoa wa Magharibi, hakuuliza mengi. Alivaa buti za mpira akachukua mfuko wake. Tulirudi kwa njia ya Olympic, tukateremka Gatwekera kutoka juu, ingawa wakati wa kwenda nilikuwa nimetokea upande wa pili. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati. Bado sikuwa na wasiwasi. Mlango wa dada ulikuwa na pazia la manjano lenye maua ya bluu, na huko mlango hujulikana kwa pazia lake.

Hapakuwa na pazia la manjano.

Mwenye ploti alikuwa amejenga laini zote za vyumba kwa kipimo kimoja. Nilisimama mbele ya mlango mmoja nikaona jiko la makaa, mtungi wa maji, kamba ya nguo, mtaro. Nikakimbilia laini nyingine: jiko, mtungi, kamba, mtaro. Hapo ndipo sharti la karatasi liliponiingia mwilini kama maji baridi. Nukta haikuambii uko wapi. Unaweza kuhama kutoka moja hadi nyingine siku nzima, na kila moja itakuonyesha kwamba hujatoka mahali. Nikaita jina la dada kwa sauti.

Kijana aliyekuwa akipiga mswaki na wenzake akaniuliza, "Huyo ni mama nani?"

"Hajakuwa mama bado. Ndio anazaa."

"Basi hatumjui, bosi. Hapa mtu ni mama fulani. Akishazaa, rudi tukuonyeshe."

Wenzake wakacheka. Mkunga hakucheka. "Si ulilala huko jana?"

"Nililala, mama. Lakini zinafanana."

"Zinafanana! Mtoto wa watu anakufa na wewe unaniambia zinafanana. Niambie chenye hakifanani!"

Jana yake nilikuwa nimeketi nje ya mlango wa dada nikisoma upande wa pili wa karatasi. Ulisema hakuna fuwele iliyo kamili. Mahali fulani atomi iliyopaswa kuwepo haipo, na nukta yake imebaki tupu. Nilikuwa nimeinua macho nikaona mfano wake: chumba kilichopakana na cha dada kilikuwa kimeangushwa na mvua za Aprili, mabati yakaondolewa, likabaki pengo.

"Kuna nyumba haiko," nikasema.

"Nini?"

"Tunatafuta nyumba haiko!" nikawapigia kelele wale vijana.

Yule wa mswaki akatema povu. "Buda, hapa hata choo haiko."

Lakini mwanamke aliyekuwa akipita na mtungi kichwani alisimama. "Ile iliangushwa na mvua? Hiyo ni laini ya mwisho, kwa mtaro mkubwa. Kuna mtu alikuwa analia huko. Saa hii amenyamaza."

Neno hilo la mwisho ndilo lililotukimbiza. Pengo lilitokea kwenye ukungu kama jino lililong'oka. Mlango wa kando haukuwa na pazia: jirani alikuwa amelishusha akamtandikia dada, maana shuka zilikuwa zimelowa. Niliiona ile manjano, na sehemu yake haikuwa manjano tena, kabla mkunga hajanisukuma nje.

"Mwanamume, toka hapa. Chemsha maji."

Nilichemsha maji, kisha nikaketi pengoni. Ndani sikusikia sauti ila ya mkunga akimwambia dada apumue. Nilitazama nafasi ile tupu, nikawaza jambo nisilotaka kuliwaza: mpango huendelea hata kitu kikitoka. Chumba kimeanguka, na laini imesimama vilevile, majiko yanawaka. Hilo liliniogopesha kuliko ukungu.

Kisha mtoto akalia. Dada naye akamtukana mkunga kwa Kijaluo, nikajua wote wawili wako hai.

Kabla ya mvua za mwisho wa mwaka mwenye ploti alikijenga upya chumba kile. Nilirudi kutoka vibarua vya Kawangware nikakuta laini imekamilika, milango yote sawa, na dada ameshabadilisha pazia. Nilisimama njiani nikitazama mlango mmoja hadi mwingine. Yule kijana wa mswaki akaniona.

"Mjomba, umepotea tena?"

Akamtaja dada kwa jina la mtoto wake, akaninyooshea mlango. Nilimshukuru, lakini sikusogea mpaka niliposikia mtoto mwenyewe akilia ndani.