Punda Anywe Kwanza

Saa tatu asubuhi, Kavindu Muthama anamfunga punda wake kivulini, nje ya chekechea moja karibu na soko la Kasikeu. Watoto kumi na tisa wamepanga mstari, mikono nyuma. Anawauliza somo linaanza na nini.

"Maji kwanza, Susu," wanajibu kwa pamoja, wakimwita nyanya kwa Kikamba.

Beseni linawekwa chini. Punda, jina lake Sifa, anainama, na darasa zima linanyamaza kumsikiliza akimeza.

Kavindu, 63, ni muuza maji. Kwa miaka minne, kila Jumatano amewafundisha watoto hawa kuhusu mifugo bila malipo. Siku nyingine huleta mbuzi au kuku, lakini punda ndiye somo lenyewe. Asubuhi hiyo hupoteza safari mbili za maji, shilingi 160.

"Hiyo pesa ningekula na iishe," anasema.

Huku maji huchimbwa kwenye mchanga wa mto, na mazoea ni kujaza mitungi kwanza. Punda hulamba kinachobaki. Kavindu naye alifanya hivyo, hadi kiangazi kimoja punda wake wa kwanza alipoanguka mlimani na mitungi minne mgongoni.

"Nilimchapa nikidhani ni uvivu, kumbe ni kiu. Alikufa nikimwangalia. Mtu mzima haambiliki, hata mimi singesikia. Nikasema wacha nianze na watoto."

Samaki mkunje angali mbichi, na mama huyu anajua kukunja.

Lakini muhula uliopita somo lake nusura life. Musyimi, wa miaka mitano, alimwendea Sifa kwa nyuma akapigwa teke la paja. Hakuvunjika, ila shule ilisimamisha somo hadi wazazi waamue.

"Makosa ni yangu," Kavindu anasema bila kuzunguka. "Nilikuwa napiga stori na mwalimu."

Siku ya mkutano, Mutindi, mamake Musyimi, aliposimama, Kavindu aliinamisha kichwa.

"Nilikuwa nimepanga kusema huyo punda asirudi," Mutindi aliwaambia wazazi. "Lakini jana huko mtoni huyu mtoto amekalia mtungi, amekataa baba yake asifunge mzigo. Ati punda hajakunywa. Baba yake amenung'unika weee, lakini amechota."

Wazazi walicheka, na somo likarudi. Siku hizi watoto humwendea Sifa kwa upande wa bega, mmoja mmoja, wakimpa mkono anuse. Musyimi hutangulia.

Kavindu sasa anatafuta pipa kuukuu alikate nusu, aliweke kando ya mto liwe la kunyweshea punda wa kila mtu. Anatumaini kwamba watoto hawa wakikua, hakuna punda wa Kasikeu atakayepanda mlima na kiu.

Somo limekwisha. Kavindu ana haraka; wateja wanangoja. Anainua mtungi aufunge mgongoni mwa Sifa, lakini Musyimi amesimama mbele yake.

"Susu, na saa hii amekunywa?"

Kavindu anaweka mtungi chini na kwenda kutafuta beseni.