Shahidi wa Pili

Mama Lineo alikuwa mwoga na kijiji kizima cha Ha Lepolesa kilijua. Aliogopa radi, aliogopa kuvuka mto maji yakipanda, aliogopa kusimama mbele ya wanaume na kusema neno. Marehemu mumewe, aliyekuwa mwinjilisti, alipenda kumtania kwamba hata kuku wake walikuwa na moyo kuliko yeye. Lakini Mama Lineo ndiye aliyefundisha hadithi za Biblia kanisani, watoto siku ya Jumapili na wanawake siku ya Alhamisi, na hakuna aliyezisimulia kama yeye. Aliposimulia habari za Gideoni aliyejificha akipura ngano, au Petro akikana mbele ya moto, wanawake walihisi kana kwamba Mama Lineo naye alikuwa amejibanza papo hapo pembeni, akichungulia.

Mwezi wa Januari mwaka ule radi ilimuua Thabiso Mofoka malishoni pamoja na ng'ombe sita. Alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto, na baba yake mdogo, Mzee Mofoka, alikuwa mzee mkuu wa kanisa. Wiki moja kabla, ng'ombe wa Thabiso walikuwa wameingia katika mtama wa Bibi Makhauta, mjane aliyeishi peke yake kando ya mto. Bibi alitoka na fimbo, wakarushiana maneno, kisha kila mtu akaenda zake. Mama Lineo alikuwa anapita na kuni kichwani. Aliyasikia yote.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Mzee Mofoka alikuja kwake mchana, akamfunga farasi wake kwenye mti wa pichi, akaketi bila kuvua kofia.

"Habari za hapa, Mama Lineo."

"Nzuri, Baba. Poleni tena na msiba."

"Tumeshapoa. Jumatatu nampeleka yule bibi kwa chifu kwa uchawi wake. Mashahidi ni wawili. Tseko, kijana wangu wa kazi, ni mmoja. Wewe ndiye wa pili."

Mama Lineo aliingiza mikono ndani ya blanketi.

"Ulikuwepo," Mzee aliendelea, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mtoto njia. "Ulimsikia akisema radi itamwona."

"Baba, alisema Mungu anaona."

"Alisema radi. Ulikuwa na mzigo kichwani, hukusikia vizuri. Nakukumbusha tu." Akatazama uani. "Na Lineo hajambo? Mwalimu mzuri sana. Kamati ya shule tunakutana mwezi ujao kupitia majina ya walimu. Mimi ndiye mwenyekiti, unajua."

Kila mtu alijua pia kwamba shamba la Bibi Makhauta lilipakana na la Mzee Mofoka, na kwamba kwa miaka tisa alikuwa akilitaka. Na kila mtu alijua kilichotokea bonde la pili mwaka uliopita, pale mzee mmoja alipoitwa mchawi na nyumba yake ikachomwa naye yumo ndani. Mama Lineo alifikiria majani ya paa yanavyoshika moto. Akafungua mdomo kukataa, na neno lililotoka likawa jingine.

"Sawa, Baba."

Alhamisi wanawake walikusanyika kanisani na sare zao. Somo la juma lile lilikuwa Ahabu na shamba la Nabothi. Mama Lineo alikuwa amepanga kuliruka aende kwa Ruthu, lakini Mama Tsepo, ambaye hakuwahi kuacha jambo lipite, alimdaka.

"Mwalimu, tulimwacha mfalme amenuna kitandani hataki kula. Leo unatupeleka wapi? Tunataka kujua mkewe alimpikia nini."

Wakacheka. Ikabidi asimulie. Alisimulia akitazama sakafu: barua za Yezebeli, wazee wa mji waliozisoma wakatii, watu wawili walioketishwa mbele ya Nabothi kumshuhudia uongo, ili apigwe mawe na mfalme achukue shamba lake.

"Hao wawili walikuwa akina nani?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Hawakutajwa majina."

"Watu tu, basi. Kama sisi," alisema Mama Tsepo, na safari hii hakutania. "Na wale wazee wa mji walikuwa wanamjua Nabothi. Walikuwa majirani zake. Barua ingechanwa na mmoja tu, mpango wote ungekwama. Sasa jioni walikula chakula vipi?"

Bibi Makhauta mwenyewe alikuwa ameketi benchi la nyuma. Watu walipotoka alimfuata Mama Lineo mlangoni, akamshika mkono.

"Mwanangu, Jumatatu utakuja? Wewe ulisikia. Nikikuona tu pale nitapata nguvu."

Mama Lineo aliitikia kwa kichwa. Hakuweza kumtazama machoni.

Nyumbani alimweleza binti yake kila kitu. Lineo alikuwa anasahihisha madaftari. Aliiweka kalamu chini, akalia.

"Mama, nikifukuzwa nitaenda wapi? Sema tu anavyotaka. Tutatubu baadaye. Mungu anaelewa."

"Na Bibi?"

"Usiniulize habari za Bibi, Mama. Tafadhali."

Mama Lineo hakumlaumu. Kwa siku tatu hakuna chakula kilichopita kooni. Alijaribu kuomba, akajikuta anaomba augue. Jumatatu asubuhi aliamka mzima kabisa.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mawe ya zizi. Njia ya kwenda kwa chifu hupanda ukingoni mwa genge la mwamba, na siku ile hakuona zaidi ya hatua nne mbele yake. Alipofika nusu ya njia alisikia kwato nyuma yake. Aliposimama, kwato zilisimama. Alipotembea, zilitembea. Aligeuka hakuona kitu, ukungu tu, na pumzi ya farasi mahali fulani ndani yake. Halafu farasi akatokea ubavuni, upande wa ndani, akambana kuelekea gengeni. Mpandaji alikuwa amejifunika blanketi hadi machoni.

"Njia mbaya hii, Mama," alisema. Sauti ilikuwa ya Tseko. "Watu huteleza. Ukienda vizuri kule, na kurudi utarudi vizuri."

Akampita, akamezwa na ukungu. Mama Lineo alikaa chini kwenye majani yenye umande. Alifikiria kurudi. Baadaye alisema kwamba kilichomwinua si ujasiri. Aliwaza wale mashahidi wawili wasio na majina, akaona kwamba akirudi nyumbani au akienda kusema uongo, mahali pake pamekwisha kuandaliwa katikati yao, na hakuweza kuvumilia kukaa hapo.

Barazani kwa chifu wanaume walikuwa wamejaa. Tseko alisimama kwanza, akasema alichotumwa. Ikafika zamu ya Mama Lineo. Alishika ukuta wa mawe kwa mkono mmoja.

"Mimi nilimwambia Baba Mofoka sawa," alianza, kwa sauti ndogo hata chifu akainama kumsikia. "Nilisema sawa kwa sababu namwogopa. Hata sasa namwogopa. Lakini Bibi Makhauta hakutaja radi. Alisema Mungu anaona. Basi."

"Unaniita mwongo mbele ya chifu?" Mzee Mofoka aliuliza bila kupandisha sauti.

"Nasema nilichosikia, Baba."

"Utakumbuka siku hii."

"Nitaikumbuka."

Chifu hakuwa mtu wa msimamo. Alitazama kofia yake, akamtazama Mofoka, akauliza kama kuna mwingine. Ndipo Mama Tsepo akainuka kutoka kwa wanawake waliokaa nje ya ukuta, akasema siku ile alikuwa anafua mtoni naye alisikia vivyo hivyo, na kama hawakumwita ni kwa sababu mdomo wake unajulikana. Watu wakacheka kidogo. Chifu akaona upenyo. Shahidi mmoja hatoshi kumtia mtu hatiani, alisema, kila mtu arudi kwake.

Haikuishia hapo. Mbwa wa Mama Lineo alikutwa amekufa mlangoni. Kwa majuma mengi, kila aliposikia kwato, aliingia ndani akaweka komeo. Lineo alifukuzwa shuleni akaenda kufundisha mjini Mafeteng, na kwa mwaka mzima hakumwandikia mama yake. Baraza la kanisa lilimwondoa kwenye ualimu kwa kuvuruga amani. Wanawake wakaanza kulala kwa Bibi Makhauta kwa zamu, wawili wawili, na Mama Lineo alikuwa wa kwanza kubeba blanketi lake kwenda huko, mwenyewe akiogopa kuliko mwenye nyumba. Bibi alikufa majira ya baridi ya mwaka uliofuata, kitandani mwake, na mjukuu wake akalima shamba.

Mzee Mofoka hakuomba radhi. Alibaki mzee wa kanisa mpaka alipopooza. Mchungaji mpya alipofika na kuitisha uchaguzi, wanawake walimtaja Mama Lineo awe kiongozi wao. Alikataa mara mbili. Mama Tsepo alimwambia wamekwisha kuongozwa na wasioogopa, na wameona. Akakubali.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumpelekea Mofoka uji na kumwombea, kama ilivyompasa kiongozi. Alisimama nje ya mlango muda mrefu kabla ya kubisha. Kazi ya pili ilikuwa kuweka kanuni: mwanamke wa kanisa akiitwa kwa chifu kutoa ushahidi, wawili wenzake wataandamana naye kwenda na kurudi, kuwe jua, kuwe ukungu. Wanawake waliipitisha siku hiyo hiyo, na wakaanza kupanga majina.