Majina Niliyoyaruka Redioni

Mkosaji ni mimi. Shemeji aliomba tu. Mdomo ulioyaruka yale majina ni wangu.

Ninasoma matangazo katika redio moja ndogo hapa Lubumbashi. Msimu ule Serikali iliwalipia wakulima wa mahindi sehemu kubwa ya bei ya mbolea, ikaagiza majina ya waliopewa yasomwe redioni, ili kila mtu ajue chake na cha mwenzake. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye aliyegawa mifuko kwenye depo. Tulikuwa tunakaa kwake, mtaa wa Kamalondo, bila kulipa kodi.

Asubuhi ya kusoma alinikuta nakunywa chai.

"Bale ba njia ya Kasenga, usibasome. Bengi ni bamama bazee, habatajua."

"Na mbolea yabo?"

"Nilisha kuiuzisha."

Nikamaliza chai. Nikaenda, nikasoma, nikaruka.

Kati ya niliowaruka alikuwamo Mama Ngoy, mjane, rafiki wa marehemu mama yangu. Kesho yake alinisubiri kwenye mlango wa redio, vumbi la njia limemjaa miguuni.

"Mwanangu, nilisikiliza tangu mwanzo. Jina yangu haikutoka. Ulisoma yote?"

"Yote, mama."

Akanitazama kidogo, akatikisa kichwa.

"Basi Serikali haikuniona. Sitaenda tena ku depo, batasema miye niko mwizi."

Akapanda bila mbolea. Mahindi yalitoka mafupi, ya manjano, mengine hayakubeba kitu. Shamba akawauzia wafyatua matofali, akahamia Kasenga kwenyewe, mwisho wa ile njia, kwa mdogo wake, wakawa wanauza samaki wakavu sokoni.

Nilimfuata huko. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mbele ya meza yake kama mteja. Hakupiga kelele. Alifukuza nzi, akapanga samaki wake, kisha akauliza:

"Unataka samaki ngapi, monsieur?"

Monsieur. Bwana, kama mgeni. Na ndiye aliyenibeba mgongoni utotoni.

Nikanunua, nikarudi. Mke wangu akawapika wale samaki, tukala pamoja na shemeji. Akasema ni watamu.

Hadi leo tuko kwake. Nilidhani nikiungama kwa yule mama nitalia, au nitalala vizuri, au nitahama. Hakuna kilichotokea. Nawasha kipaza sauti, nasoma, nazima. Watu wananisalimia barabarani kwa sababu ya sauti yangu, nami naitikia.

Wewe uliyepewa majina ya watu uyatangaze, yasome yote, hata kama anayekukataza ndiye anayekulaza. Ukiruka mara moja, hutapata siku ya kurudi nyuma uyasome.

Na ninyi wenye mashamba, redio ikinyamaza juu yenu, msikae nyumbani. Nendeni depo, wengi pamoja, mdai muonyeshwe mbolea ilikwenda kwa nani. Msiridhike na sauti nzuri. Anayesoma anaweza kuwa mimi.