Majina Chini ya Sufuria za Manyatta

Wasee, mimi ndiye nilifanya akina mama kumi na wawili wa mtaa wa Manyatta wanyamaze kwa wakati mmoja. Nilitumia mashine ya kuchora chuma.

Naitwa Muthomi. Niliacha kazi ya ofisi hapa Meru baada ya kutazama video tatu, nikanunua hiyo mashine ya umeme na kufungua kibanda soko la Gakoromone. Bango likasema: FUNDI STADI WA KUCHORA CHUMA.

Stadi, mimi! Siku ya kwanza nilichora meza, nikachora kiatu, nikachora kucha ya kidole gumba.

"Wewe, acha kukandamiza," akaniambia Mutugi, jirani yangu wa welding. "Ukisukuma inatoroka. Ishike tu pole pole."

Herufi O peke yake ilinitoa jasho wiki mbili.

Na nilikuwa nataka kumuoa Kawira. Mama yake, Veronicah, ndiye mwenyekiti wa chama cha akina mama wanaopikia harusi na matanga. Siku tulipoenda kwao na wazazi wangu kujitambulisha mwaka jana, sufuria yake kubwa ilipotea, na tangu hapo hajawahi kupoa.

"Mwizi wa sufuria hawezi kuwa mtu wangu," alikuwa akisema. "Hata akiwa pastor."

Akanipa mtihani. "Kama kweli wewe ni fundi, andika kila sufuria ya chama jina la mwenyewe. Ukiharibu, Kawira umsahau."

Nikaletewa sufuria kumi na mbili, kila moja na kikaratasi cha jina kimebandikwa kwa seloteipu.

Nami, bila akili, nikaanza kwa kuziosha.

Vikaratasi vyote vikaenda na maji. Aki nilitaka kulia.

Halafu nikasugua masizi kwa brashi ya waya, na chini yake kukatokea majina yaliyokwaruzwa zamani kwa msumari. Asante Mungu! Tena ile mikwaruzo ilinisaidia, kwa sababu ncha ya mashine iliingia humo ikatulia, haikuteleza tena. Nikafuata jina baada ya jina. Mutugi alikuja kuangalia mara mbili.

Jumamosi nikazipeleka Manyatta. Veronicah akaomba, akahubiri kidogo kuhusu watu wenye mikono mirefu, kisha akasema, "Kila mtu achukue sufuria yake aipindue."

Wakazipindua.

Mama Rwamba alikuwa na sufuria ya Mama Karimi. Mama Karimi alikuwa na ya kanisa. Na mwenyekiti, aliyetoka kuhubiri sasa hivi, alikuwa ameshika sufuria imeandikwa RWAMBA, herufi kubwa, safi kabisa.

Nilijua nimekwisha. Kawira alifunika uso kwa leso.

Lakini nani angeanza kelele? Kila mmoja alikuwa ameshika ya mwenzake. Veronicah akakohoa.

"Fundi amefanya kazi nzuri," akasema. "Tufunge na maombi."

Baadaye akanivuta nyuma ya jiko.

"Kijana, hiyo mashine yako inaweza kufuta?"

"Inaweza, mama."

"Basi wazazi wako waje, tupange siku ya mahari."

Wueh! Nilifika kwetu Nkubu nikiimba. Mama yangu alifurahi akapika mukimo wa watu ishirini, na sisi tulikuwa wanne. Tulipomaliza kula nikachukua ile sufuria kubwa nimsaidie kuosha. Mkono ushazoea kazi, nikaipindua, nikasugua masizi.

VERONICAH.

"Mama! Hii ulitoa wapi?"

"Si ni ile tulifungiwa chakula nayo tukitoka kuona kina Kawira?" Hakuacha hata kupangusa meza. "Nilikuwa narudisha."

"Lini?"

"Si tunaenda huko karibuni?"

Nilikaa chini. Nikamsikia Veronicah: mwizi wa sufuria hawezi kuwa mtu wangu, hata akiwa pastor. Niliona aibu, niliogopa, nikamkumbuka Kawira na ile leso yake.

Kisha nikatoa mashine kwenye begi. Sikukandamiza. Niliishika tu pole pole, na ncha ikapita juu ya lile jina bila kuteleza hata mara moja.

Kwa hivyo wewe unayewacheka wa Manyatta, amka kwanza, uende jikoni kwenu, upindue ile kubwa. Ukipata jina usilolijua, niko Gakoromone. Bango nimebadilisha. Sasa linasema: TUNAFUTA.